Nina wimbo, nani ataimba? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watunzi wa Unguja na Pemba

Ukurasa huu ni wa watunzi wasioimba, au wanaoimba bafuni tu. Watu wenye daftari lililojaa mashairi na simu iliyojaa sauti walizojirekodi usiku, lakini hawajui wabishe hodi mlango gani. Maswali ni yale ninayoulizwa Darajani, harusini na WhatsApp. Majibu ni ya mtu anayetunga kwa vikundi vya taarab na kwa vijana wa studio, na ambaye ana maoni yake, kwa hiyo usishangae ukikuta nimeegemea upande.

Kweli kuna anayehitaji wimbo wa mtu mwengine? Si kila msanii anajitungia siku hizi?

Swali hili lingewachekesha wazee wetu. Taarab ya Unguja imesimama juu ya watu watatu: anayetunga maneno, anayeyatia muziki, na anayeimba. Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa 1905 na Culture Musical Club iliyoanza 1958 zimeimba mashairi ya watu ambao wengine hawakupanda jukwaani hata siku moja. Haji Gora Haji wa Tumbatu, anayejulikana zaidi kwa mashairi yake ya vitabuni, aliiandikia taarab pia. Mtunzi asiyeimba si kioja Zanzibar.

Kilichobadilika ni studio. Kijana wa zenji fleva, yaani muziki wa kizazi kipya wa Zanzibar, huingia na maneno yake mwenyewe, na hupenda ijulikane hivyo. Lakini kaa kidogo na maprodyuza utasikia malalamiko yale yale: beti zipo, kiitikio hakuna. Au kiitikio kipo, ila ubeti wa pili ni wa kwanza uliogeuzwa nguo. Hapo ndipo penye kazi yako. Usishike fikra ya kuuza wimbo mzima tu. Kiitikio kimoja kilichokaa sawa kina mnunuzi wake.

Nianzie kwa mwimbaji au kwa prodyuza?

Kwa taarab, usianzie kwa mwimbaji. Anzia kwa anayetia muziki au kiongozi wa kikundi, maana wao ndio wanaoamua nani apewe wimbo gani. Ukimpelekea mwimbaji moja kwa moja umemweka pabaya: akiupenda atalazimika kuupigania mbele ya wenzake, na kuna wenzake watakaosema anajipendelea. Nenda siku ya mazoezi, jioni, amkia wakubwa, kaa usikilize mpaka wapumzike, kisha ndiyo utoe karatasi yako. Haraka haisaidii. Vikundi vingine hukaa na shairi miezi, halafu siku moja unasikia limetiwa muziki.

Kwa zenji fleva na bongo fleva, anza na prodyuza. Waimbaji wanapita mikononi mwake kila siku, na anajua nani amelipia studio lakini hana wimbo. Tena prodyuza ana sikio la haraka. Atakwambia ndani ya dakika moja jambo ambalo rafiki yako hatakwambia mwaka mzima. Mwimbaji mwenye meneja ni habari nyengine: huyo wimbo mpelekee meneja wake, hata kama namba ya msanii mwenyewe unayo. Kumruka meneja ni kujifungia mlango.

Nitajuaje wimbo upi ni wa nani?

Hili ndilo swali ambalo watu hawaliulizi, na ndilo ningependa waulize kabla ya yote. Watunzi wengi hutunga kwanza, kisha huzunguka na wimbo mmoja kwa kila mwenye jina. Fundi cherehani hafanyi hivyo. Anampima mtu kwanza, ndipo akakata kitambaa.

Kumpima mwimbaji ni kumsikiliza kwa makusudi. Chukua nyimbo zake nne tano. Sauti yake inapanda mpaka wapi kabla haijakwaruza? Anapenda kuvuta silabi ya mwisho au kuikata? Anaposema neno lenye uchungu, unamwamini? Kuna waimbaji wenye sauti nzuri ambao huwezi kuwaamini wakilia, lakini wape kijembe uone. Na kuna ambao kijembe kinawakaa kama nguo ya kuazima.

Kisha tazama anakoimba. Mwimbaji wa taarab anaishi kwa kutunzwa, yaani kupewa pesa na watazamaji anapoimba. Wanawake wananyanyuka vitini kwenda kumtunza pale linapopita neno linalomgusa mtu ukumbini, au linalomgusa jirani yake, ambalo ndilo la raha zaidi. Ukimwandikia huyo, kila ubeti uwe na mstari mmoja ambao mtu anaweza kunyanyuka nao. Msanii anayepiga kwenye hoteli za Nungwi na Paje ana hadhira ambayo nusu haijui Kiswahili. Huyo anataka kiitikio ambacho mgeni ataweza kukiitikia baada ya kukisikia mara mbili. Msanii anayelitupia macho jukwaa la Sauti za Busara, tamasha la Februari lililoanza 2004, anataka wimbo unaosimama kwa ala na sauti, kwa sababu pale hawaruhusu kuimbia juu ya muziki uliorekodiwa.

Nikupe mfano. Tuseme una ubeti huu:

Ulikuja na ahadi, za kunivisha dhahabu
Nikangojea miadi, nikajitia taabu
Leo umepita hadi, hata salamu hujibu

Mizani minane kwa minane, vina vimetulia. Taarab asilia itaupokea kama ulivyo. Umpelekee prodyuza wa zenji fleva hivyo hivyo, ataurudisha, na ana haki. Kwake wewe chukua kipande cha mwisho tu, *hata salamu hujibu*, kifanye kiitikio, kwanza ukikate, kisha ukirudie kizima: *hata salamu, hata salamu hujibu*. Dhahabu na miadi vihamie kwenye beti kwa maneno ya kawaida ya mtu anayezungumza. Kwa kidumbak, ndugu mdogo wa taarab anayechezwa harusini, mwendo unakimbia na nyimbo zinaunganishwa moja baada ya nyengine bila kusimama, kwa hiyo mstari wa kwanza na wa tatu inatosha, wa kati uache. Hisia ni ile ile, ila umeikata mara tatu kwa watu watatu.

Demo iweje? Sina pesa ya studio.

Simu inatosha kwa demo, yaani rekodi ya kuonjesha wimbo. Ninachotaka kusikia mimi, na ninachojua maprodyuza wanataka kusikia, ni melodi na maneno. Zima feni, funga dirisha, ngoja adhana ipite, jogoo umwombe radhi. Piga makofi au gonga meza upate mwendo. Kama wimbo ni wa sauti ya kike na wewe ni mwanamume, mtafute dada au binamu akuimbie. Mtu husikia sauti kabla hajasikia wimbo, na sauti isiyo mahali pake inauua.

Anza na kiitikio. Najua wimbo wenyewe unaanza na ubeti, lakini demo si wimbo. Sekunde 40 mpaka dakika moja zinatosha kumfanya mtu aulize, "Una nyengine?" Asipouliza, dakika nne zisingemfanya aulize.

Jambo dogo linalopuuzwa: jina la faili. Prodyuza akishusha kitu kinachoitwa kwa tarakimu za simu, kesho hakijui ni cha nani. Andika jina la wimbo, jina lako na namba yako ndani ya jina la faili lenyewe, kisha utume kama waraka, si kama sauti ya kubonyeza na kuongea. Sauti za aina hiyo WhatsApp huzichanganya na mazungumzo mengine, na baada ya wiki hakuna anayeweza kuzipata.

Kwa taarab, peleka maneno yaliyopigwa chapa vizuri, beti zimeachana, vina vinaonekana. Melodi usipeleke mpaka uulizwe. Anayetia muziki ana fahari ya kazi yake, na ukimwendea na melodi tayari ni kama umemwambia akae pembeni.

Ukitaka demo yenye ala za kweli na mfuko hauruhusu bendi, tafuta wanafunzi na wahitimu wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kinachojulikana zaidi kwa herufi zake DCMA. Tangu 2002 kimefundisha udi, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi), fidla na ngoma, na mwanafunzi anayejifunza kanuni hufurahi akipata kitu kipya cha kupiga. Mlipe kitu, hata kama ni nauli na chakula cha mchana.

Ujumbe wa kwanza niuandike vipi?

Huu ni wa aina ninayoiona sana:

"Broo nna hiti kali balaa, nipe chansi nitoke, nakuaminia."

Hauna jina, hauna wimbo, na mzigo wote umemtwika msomaji. Linganisha na huu:

"Assalaam alaykum kaka. Naitwa fulani, mtunzi, niko Fuoni. Nimeisikia biti yako yenye mwendo wa kidumbak uliyompigia yule dada. Nina kiitikio na beti mbili za mwendo huo, za sauti ya kike. Hii hapa, sekunde 40. Ikikufaa nakuja studio siku utakayosema. Isipokufaa niambie tu, nitakuletea nyengine siku nyengine inshaallah."

Wa pili unaonesha umesikiliza kazi yake, unasema una nini, na unamwachia nafasi ya kukataa bila aibu. Hilo la mwisho lina uzito kwetu. Watu wengi hapa hawapendi kusema hapana usoni, kwa hiyo hunyamaza. Mpe njia ya kusema hapana na utapata majibu zaidi, na baadhi yatakuwa ndiyo.

Usitume nyimbo kumi. Moja, au mbili kama zinatofautiana sana.

Akinijibu "tutakutafuta" maana yake nini?

Mara nyingi maana yake ni hapana. Subiri wiki mbili tatu, mkumbushe mara moja, kisha upeleke wimbo huo kwengine. Hujafungwa na mtu ambaye hajakupa neno.

Kuna wakati mzuri wa kupeleka nyimbo?

Upo, na unafuata kalenda ya Kiislamu kuliko ya ukutani. Ramadhani hakuna taarab wala ngoma, na studio nyingi zinapoa au zinahamia kwenye kasida. Harusi nyingi husukumwa kabla ya mwezi huo au hungoja Mfunguo Mosi. Vikundi vinataka kitu kipya cha Idi, kwa hiyo shairi linalofika wiki moja kabla ya sikukuu limechelewa. Lifikishe Rajabu au mapema Shaabani, ili lipate muda wa kutiwa muziki na kufanyiwa mazoezi. Ramadhani yenyewe ni mwezi mzuri wa kutunga na wa kuzungumza na watu baada ya tarawehe, wakati wamekaa barazani na kahawa na hawana pa kukimbilia.

Wasanii wa hoteli hutafuta nyimbo kabla ya Juni, kwa sababu kuanzia Julai wageni wanajaa na hakuna mwenye nafasi ya kujifunza kitu kipya.

Mimi niko Pemba. Studio na vikundi vikubwa viko Unguja. Nifanyeje?

Kwanza, usidharau ulicho nacho. Aliyekulia penye kibati, ambapo maneno hurushwa papo kwa papo juu ya ngoma inayokwenda mbio, ana ulimi ambao kijana wa mjini hana. Msewe na kirumbizi, ngoma nyengine za Pemba, nazo zina miendo ambayo maprodyuza wa Unguja wangependa kuisikia kama mtu angewapelekea. Rekodi ngoma yenyewe, hata dakika mbili, uitume pamoja na wimbo. Prodyuza atapata biti na maneno kwa pamoja.

Pili, kazi ya kutafuta unaweza kuifanya yote kwa simu ukiwa Wete au Chake. Safari ya boti uiweke kwa siku ambayo tayari una miadi na watu wawili watatu. Kusafiri ili "kuzungukia mastudio" bila miadi ni kuitajirisha boti tu. Na kabla ya Unguja, wapo waimbaji wa harusi na vijana wenye studio za chumbani huko huko Pemba. Wimbo uliokwisha kuchezwa harusi tatu Mkoani una hoja nzito kuliko wimbo uliomo daftarini.

Hawataniibia?

Wizi upo, lakini hautokei vile watu wanavyouogopa. Mara chache mtu huchukua wimbo mzima wa mtunzi asiyejulikana kwa makusudi. Kinachotokea zaidi ni hiki: umekaa studio, umetoa kiitikio, mwimbaji amebadilisha maneno mawili, prodyuza ameongeza melodi kidogo, watu wamecheka, wamekula chipsi, na wimbo ukitoka kila mmoja anaamini kwa dhati ni wake.

Sheria inalinda namna ulivyolisema jambo, hailindi jambo lenyewe. Fikra ya mwanamke aliyeahidiwa dhahabu si yako wala yangu. Jina la wimbo peke yake pia kwa kawaida halilindwi. Maneno yako kama yalivyopangwa, na melodi yako, hivyo ni vyako tangu ulipoviandika au kuvirekodi, hata kabla hujavisajili.

Kwa hiyo weka ushahidi. Rekodi kila wimbo kwenye simu siku unapoukamilisha, jitumie kwa barua pepe, hifadhi rasimu zenye makosa na mistari iliyofutwa. Rasimu chafu ni shahidi mzuri kwa sababu mwizi hana. Ule mtindo wa kujiandikia barua ya posta na kuiweka bila kuifungua sipendi watu wautegemee. Nenda ukasajili.

Nisajili wapi? COSOTA, COSOZA au BASSFU?

Hapa watu huchanganyikiwa sana, na wasambazaji wa muziki wa bara huzidi kuwachanganya. Hakimiliki si jambo la Muungano. Bara wana sheria yao ya 1999 na COSOTA, taasisi yao ya hakimiliki. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki Namba 14 ya 2003, na taasisi yetu ya hakimiliki ni COSOZA. Mtunzi anayeishi Zanzibar aanzie COSOZA: anasajili kazi zake, na taasisi hiyo ndiyo yenye kazi ya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya kutumia kazi ya mtu, kwa wanaotumia muziki kwa biashara, kama redio na hoteli, na kuigawa. Kama wimbo wako umerekodiwa na msanii wa bara na unapigwa huko, waulize COSOZA utaratibu wa upande wa pili ukoje, na hakikisha msanii ametaja jina lako alipousajili kwake.

BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, ni jambo jengine. Hilo linahusika na usajili wa wasanii na vikundi, vibali vya maonesho na maadili ya kazi za sanaa. Halikulindii utunzi wako. Lakini likumbuke unapoandika: mwimbaji anayefanya kazi zake kwa vibali hatachukua wimbo utakaomtia matatani, hata kama ni mtamu. Mafumbo tumerithi kwa sababu nzuri.

Mgao unakuwaje?

Wimbo mmoja uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodi. Ya pili ni rekodi, ile sauti iliyonaswa studio. Rekodi mara nyingi huwa ya aliyeigharamia, kama hamkukubaliana vyengine. Utunzi ni wa waliotunga. Waimbaji watatu wakiuimba wimbo wako, kuna rekodi tatu na utunzi mmoja. Hata namba zake ni mbali mbali: rekodi ina ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, na utunzi una ISWC, inayoanza na herufi T. Msanii akikwambia "wimbo wangu tayari una namba", muulize ni ipi kati ya hizo.

Hakuna sheria inayosema mtunzi wa maneno apate asilimia fulani. Mazoea ya nchi nyingi ni nusu kwa maneno na nusu kwa muziki, na hapo ndipo pazuri pa kuanzia mazungumzo. Mengine ni makubaliano. Nitakalosisitiza ni wakati: zungumzeni kabla ya kurekodi, au siku ile ile ya kurekodi kabla hamjatawanyika. Baada ya wimbo kupendwa kila mtu huikumbuka kazi yake kuwa kubwa kuliko ilivyokuwa.

Karatasi yenyewe haihitaji lugha ya mahakamani. Hii inatosha kwa kuanzia:

"Sisi tuliotia saini hapa tumekubaliana kuhusu wimbo uitwao (jina). Maneno yametungwa na (A). Melodi imetungwa na (A) na (B). Muziki umetengenezwa na (C). Mgao wa utunzi ni: A asilimia 50, B asilimia 25, C asilimia 25. Majina yetu matatu yatatajwa kila wimbo utakapowekwa au kusajiliwa. Hakuna atakayeuuza au kubadilisha maneno yake bila ya kuwaambia wenzake. Tarehe, saini, namba za simu, mashahidi wawili."

Jumla lazima ifike 100, usicheke. Nimeona karatasi iliyofika 120. Ipigeni picha, kila mmoja abaki nayo kwenye simu yake. Mtu akisema "sisi ni ndugu, karatasi ya nini", mjibu kwa upole kwamba ni kwa ajili ya watoto wenu, maana ni kweli: Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania imo tangu 1994, unataka haki za mtunzi zilindwe maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kufa kwake.

Msanii anataka kuununua moja kwa moja, na jina langu lisiwepo. Nikubali?

Pesa ya mkononi haidharauliki, na sitamlaumu mtu mwenye ada ya skuli ya kulipa. Lakini tenganisha mambo mawili yanayotiwa kapu moja. Kuuza haki ya mapato ni biashara. Unaweza kuifanya kwa bei. Kutajwa kuwa ndiye mtunzi ni haki ya namna nyengine, na mkataba huo wa Berne unaitambua kuwa inabaki kwa mtunzi hata baada ya kuuza mapato.

Mimi ningeuza mapato kabla ya kuuza jina. Jina ndilo linalokuletea mteja wa pili. Mtunzi aliyeuza nyimbo nzuri kwa siri hana cha kumwonesha prodyuza mpya, na hawezi hata kujisifu, maana ataitwa muongo. Ukiamua kuuza kila kitu, basi bei iwe ya kukufanya ukae kimya wimbo ukipigwa harusini kwa jirani, na iandikwe.

Kuna njia ya kati ambayo wengi hawaifikirii: malipo madogo ya mwanzo, asilimia yako ya utunzi ibaki, jina libaki, na msanii apewe muda maalumu, tuseme miezi sita, wa kuutoa wimbo. Asipoutoa, unarudi kwako na pesa ya mwanzo hairudi. Kipengele hiki kinawafaa sana watunzi wetu, kwa sababu nyimbo nyingi hazifi kwa kukataliwa. Zinafia kwenye kompyuta ya mtu aliyesema "naupenda, niachie".

Kuna anayesema ana njia ya kuufikisha wimbo kwa msanii mkubwa Dar, nimlipe kwanza.

Usimlipe. Mtu wa kati wa kweli hula kwenye kilichouzwa. Kule Nashville, Marekani, ambako kuuza nyimbo kwa waimbaji ni kazi ya ofisi kamili, kampuni za wachapishaji wa nyimbo huchukua sehemu ya mapato, na mwenye kumtoza mtunzi ada ili amsikilize hutiliwa shaka vile vile.

Niuweke TikTok ili wasanii wauone?

Weka kiitikio, kwa sauti yako au ya mtu wako, jina lako likiwa limeandikwa juu ya picha. Usiweke wimbo mzima. Wapo wasanii wanaokataa wimbo ambao watu wameshausikia, na wapo wanaoupenda kwa sababu hiyo hiyo. Kiitikio peke yake kinawafaa wote wawili.

Zaidi ya wasanii, nani mwengine ananunua?

Wengi kuliko unavyodhani, na hawa hulipa haraka. Familia zenye harusi zinazotaka wimbo wenye majina ya bwana na bibi harusi. Taasisi zenye kampeni za afya, uchafu wa fukwe, uandikishaji wa watoto skuli. Maduka yanayotaka tangazo la redio. Watengenezaji wa filamu wanaoiwinda ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, kila mwaka na mara nyingi hukumbuka muziki wiki ya mwisho. Kwa kazi hizi taja bei kabla ya kutunga mstari hata mmoja, upewe nusu mkononi, na uandike mahali gani wimbo utatumika na kwa muda gani. Tangazo la mwezi mmoja lisigeuke la miaka mitatu.

Wimbo umetoka, jina langu halimo. Nifanye nini?

Usianze na Instagram. Anza na simu, kwa heshima: "Kaka, nimeona wimbo umetoka, hongera. Jina langu la utunzi halikuwekwa, tulirekebishe leo." Mara nyingi ni uzembe. Anayeupakia wimbo huulizwa na msambazaji, yaani kampuni inayoupeleka wimbo mitandaoni, majina ya watunzi, na kijana mwenye haraka huandika la msanii tu ili apite.

Kama hakuna jibu, mtumie karatasi yenu ya mgao kwa maandishi na umpe siku kadhaa, kisha nenda COSOZA na karatasi hiyo, demo yako yenye tarehe na rasimu zako. Hukuwa na karatasi? Nenda hivyo hivyo na ulicho nacho, pamoja na mazungumzo ya WhatsApp bila ya kufuta chochote. Na ukiambiwa kwamba jina haliwezi kuongezwa kwa sababu wimbo umeshapanda, si kweli: maelezo ya chini ya video ya YouTube hubadilishwa wakati wowote na mwenye akaunti, na majina ya watunzi kwenye Spotify, Apple Music na Boomplay hurekebishwa kupitia msambazaji, bila ya kuushusha wimbo wala kupoteza idadi ya waliousikiliza. Mwombe aifungue akaunti hiyo mbele yako.